Kirikuu Kimoja cha Kuni ni Kuni Kiasi Gani?

Uliza bei ya kuni hapa Dodoma, nawe utajibiwa kulingana na mahali uliposimama. Sokoni utatajiwa bei ya fungu. Kando ya barabara, kwa akina mama wanaoleta kuni kutoka vijijini, utaambiwa bei ya tita. Mwenye guta, kile chombo cha mizigo cha matairi matatu, ana bei ya guta, wa Kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, ana bei ya tripu, na anayeleta kwa Fuso atakuuliza kwanza kama unataka bodi zima au nusu. Bei zote hizo ni halali, ila hakuna hata moja inayokueleza unachukua kuni kiasi gani. Tita limefungwa na nani? Guta limejazwa vipi? Kuni za kwenye tripu zilipangwa au zilirushwa tu juu ya bodi?

Ugomvi unazaliwa hapo. Mama lishe analalamika kwamba kuni za safari hii zimemwishia Alhamisi wakati za safari iliyopita zilifika Jumapili, na gari ni lile lile. Dereva anaapa kwamba alijaza mpaka juu. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli: gari lilijaa, na kuni zilikuwa pungufu. Makala haya yanaeleza hilo linawezekanaje, na namna ya kupima kuni ili muuzaji apate haki yake na mnunuzi apate yake.

Najua wapo watakaouliza kuna haja gani ya kusumbuka na kipimo cha kuni wakati nchi inaelekea kwenye nishati safi. Ni kweli, Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimeelekezwa ziachane na kuni na mkaa. Lakini kati ya leo na 2034 kuna maelfu ya sufuria zitakazoendelea kuinjikwa kwenye mafiga, na anayebaki na kuni mpaka mwisho ni mwenye kipato kidogo. Huyo ndiye kipimo kibovu kinamuumiza zaidi. Tena hata huo uamuzi wa kuhamia gesi unahitaji hesabu. Mnunuzi wa gesi anajua alichonunua: mtungi umeandikwa kilo 6 au kilo 15, na akiutilia shaka anauweka kwenye mizani. Mnunuzi wa kuni hana maandishi ya namna hiyo. Basi atajuaje kama gesi ingemtoka nafuu?

Uzito, ujazo, na hewa iliyo katikati

Tuanze na maneno yenyewe. Uzito ni ule unaosomwa kwenye mizani, kwa kilo. Ujazo ni nafasi ambayo kitu kinachukua, yaani urefu mara upana mara kimo. Boksi lenye mita 1 kila upande lina mita 1 ya ujazo, ile ambayo mafundi na wauza mchanga wanaiita kyubiki. Mpaka hapa hakuna utata.

Utata unaanza kwa sababu kuni hazijai chombo kama maji yanavyojaa. Kati ya ukuni na ukuni kuna mwanya, na mwanya huo umejaa hewa. Kwa hiyo mtu akikuambia "mita moja ya ujazo ya kuni" anaweza kuwa anazungumzia vitu vitatu tofauti. Anaweza kumaanisha mti mtupu, bila hewa yoyote, kama gogo linavyopimwa msituni. Anaweza kumaanisha kuni zilizopangwa, vipande vimelazwa sambamba, kimoja kando ya kingine, vikabanana kadiri mkono unavyoweza kuvibananisha. Au anaweza kumaanisha kuni za kumwaga, zilizorushwa na kuachwa zilalie zitakavyo. Jina ni moja kwa zote tatu, na kiasi cha mti kilichomo kinapishana sana.

Ukitaka kuiona hiyo hewa, chukua debe la lita 20, lijaze viazi mviringo mpaka ukingoni, kisha mimina maji taratibu. Zitaingia lita 8 hivi kabla maji hayajaanza kumwagika. Debe lilikuwa limejaa viazi, hakuna anayebisha, na bado sehemu kubwa yake haikuwa viazi. Gari la kuni liko hivyo hivyo, tofauti ni kwamba viazi vinafanana maumbo na kuni hazifanani, kwa hiyo hewa inaweza kuwa nyingi zaidi au kidogo zaidi kutegemea kuni zimekaaje.

Kwa makadirio ya kawaida, kuni zilizonyooka, zikapasuliwa na kupangwa vizuri, huwa na mti kwa takriban theluthi mbili ya rundo. Theluthi inayobaki ni hewa. Zikirushwa ovyo, mti unashuka hadi asilimia 40 na ushee, na zaidi ya nusu ya gari ni hewa. Matawi ya mgunga yenye kona na vifundo, ambayo ndiyo kuni za watu wengi huku kwetu, ni magumu zaidi: hata ukiyapanga kwa subira, mti wake unaweza usifike nusu ya rundo.

Kuni zikishushwa na kupangwa

Nililiona jambo hili kwenye uwanja wa mama mmoja mwenye kibanda cha chakula, Chang'ombe. Kirikuu kilifika kimejaa, kuni zimepita mbavu za bodi na kufungwa kamba kwa juu. Dereva alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma ili amwage.

"Kaka, usimwage," mama akamwambia. "Zipange hapa ukutani, nimeshaweka vigingi."

"Mama yangu, nina tripu nyingine Nkuhungu."

"Nitakupa kijana akusaidie. Hela yako ipo."

Kabla ya kushusha, tulipima bodi kwa tepu ya fundi. Urefu mita 2, upana mita 1.25, na kuni zilikuwa zimefika wastani wa sentimita 80 kutoka kwenye sakafu ya bodi. Zidisha: 2 × 1.25 × 0.8 ni mita 2 kamili za ujazo. Kisha yule kijana na dereva wakazipanga kati ya vigingi viwili, vipande vya nusu mita, ncha nene mara huku mara kule ili safu isiinamie upande mmoja. Zilipokwisha, rundo lilikuwa na urefu wa mita 2.6 na kimo cha mita 1. Hesabu: 2.6 × 1 × 0.5 ni mita 1.3 za ujazo. Dereva alirudi akachungulia ndani ya bodi, akidhani zimebaki.

Hazikubaki, na hakuna aliyeiba. Kilichopungua ni hewa. Lakini hebu tuitie bei hiyo hewa. Tuseme tripu ni sh 65,000, bei ya mfano tu. Kwa kuangalia gari, mama anaona amenunua kwa sh 32,500 kila mita ya ujazo. Kwa kuangalia ukutani, amenunua kwa sh 50,000. Jirani yake akiletewa kuni zilizopangwa tangu msituni kwa sh 45,000 kwa mita ya ujazo, ataonekana anauziwa ghali, kumbe ndiye aliyepata nafuu. Watu wengi wanakosea hapa: wanalinganisha bei mbili bila kuuliza kama vipimo ni vya namna moja.

Kwa vipande vifupi vilivyopasuliwa, mita 1 ya ujazo ya kumwaga ikipangwa hutoa mita 0.6 hadi 0.7. Ni makadirio ya kusaidia mazungumzo, si sheria. Ndiyo maana kwangu kipimo cha haki cha kuni ni kimoja tu, ujazo wa kuni zilizopangwa. Kinaweza kupimwa na mtu yeyote mwenye tepu, muuzaji na mnunuzi wakiwa wamesimama pamoja, na kikibishaniwa kinaweza kupimwa upya kesho yake.

Kipimo hiki si kigeni duniani. Wafaransa walipotunga mfumo wa mita mwaka 1795, walitenga kipimo maalumu kwa ajili ya kuni, wakakiita *stère*: mita 1 ya ujazo ya kuni zilizopangwa. Marekani wana *cord*, rundo la futi 4 kwa futi 4 kwa futi 8, yaani futi za ujazo 128, sawa na mita 3.6 hivi za ujazo. Kwao nako mabishano yalikuwa haya haya, na jibu lililopatikana ni hilo hilo: kuni zipangwe kwanza, ndipo zipimwe.

Upande usioonekana

Rundo lililopangwa nalo lina namna ya kudanganya macho. Ukipita kando ya barabara unaliona kwa mbele: urefu na kimo. Upande wa tatu, yaani kina, ni urefu wa vipande vyenyewe, na huo hauonekani mpaka uzunguke ubavuni au uchomoe ukuni.

Chukua marundo mawili, yote yana urefu wa mita 2 na kimo cha mita 1. Kwa mbele yanafanana kabisa. La kwanza vipande vyake vina sentimita 50, kwa hiyo ni mita 1 ya ujazo. La pili vina sentimita 35, kwa hiyo ni mita 0.7. Mnunuzi wa rundo la pili kwa bei ya la kwanza amepoteza karibu theluthi ya hela yake. Kwa hiyo chomoa vipande vitano au sita sehemu mbalimbali, vipime, uchukue wastani. Muuzaji mwenye kuni nzuri hatachukia. Atafurahi, maana wa jirani aliyekata fupi ndiye anayemharibia soko.

Yapo mengine ya kuangalia. Kuni zilizolazwa msalaba, safu moja hivi na safu nyingine vile, zinapitisha upepo vizuri na ni njia njema ya kukaushia, ila zina hewa nyingi na hazifai kupimiwa. Matawi yaliyopangwa ncha nene zote mbele yanafanya rundo liwe refu kwa upande wa mnunuzi na fupi kwa nyuma. Pima kimo pande zote mbili, kisha chukua kati. Chini pakiwa na mawe au tuta, anza kupima pale ukuni wa kwanza ulipolala, usianzie kwenye udongo.

Tita jembamba lina kuni chache kuliko unavyodhani

Wengi wetu hatununui kwa mita ya ujazo. Tunanunua tita, na hapo kuna dhana potofu kubwa kuliko zote: kwamba tita lenye unene wa nusu lina nusu ya kuni. Sivyo. Tita likikonda, linakonda kwa upana na kwa kimo kwa pamoja. Kamba inayolizunguka ikipungua nusu, kuni zinabaki robo. Kamba ikipungua sehemu moja tu ya kumi, kiasi ambacho jicho haliwezi kukishika, kuni zinapungua karibu sehemu mbili za kumi.

Hesabu yake ni nyepesi. Zungusha tepu katikati ya tita upate mzingo, kwa mita. Zidisha mzingo kwa wenyewe, gawa kwa 12.6, kisha zidisha kwa urefu wa kuni. Tita lenye mzingo wa mita 1 na urefu wa mita 1 linatoa mita 0.08 za ujazo. Matita 12 na nusu ya namna hiyo ndiyo mita 1 ya ujazo. Sasa fanya mzingo uwe sentimita 80: unapata mita 0.05, na yanahitajika matita 20 kufika mahali pale pale.

Tazama maana yake kwa mama aliyetoka kijijini na tita kichwani. Mlanguzi ananunua kwake matita 10 ya mzingo wa mita 1. Anafika mjini, anayafungua, anayafunga upya kwa mzingo wa sentimita 80, na anapata matita 15, na kuni za kuanzia la 16 bado ziko chini. Bei ya tita mjini haikubadilika, jina la tita halikubadilika, na hakuna ukuni hata mmoja ulioongezwa. Aliyekata, aliyebeba na aliyetembea kwenye jua la Ugogo hapati senti katika ile tofauti, na mpishi wa mjini anailipa yote.

Wakulima wetu wanalijua jambo hili kwa jina la lumbesa. Gunia linapandishwa kichwa, linashonewa nyongeza, mkulima anatoa mzigo mkubwa kwa bei ya gunia moja, na shehena ikifika mbele inagawanywa upya. Serikali imelipiga marufuku, na Wakala wa Vipimo chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, imekuwa ikilifuatilia kwenye viazi, vitunguu na mazao mengine. Kwenye kuni tumenyamaza, labda kwa sababu tunaona ni kitu cha maskini kwa maskini. Mimi naona hiyo ndiyo sababu ya kutonyamaza.

Dawa yake haihitaji mashine. Akina mama wanaouza pamoja mahali pamoja wanaweza kukubaliana juu ya kamba moja: ipimwe, ifungwe fundo mahali mzingo unapoishia, na kila tita lijazwe mpaka kamba ifike kwenye fundo. Urefu wa kuni nao ukubaliwe, kwa mfano mita 1. Mteja atakayeleta mashaka anaonyeshwa kamba. Na mlanguzi akija, anajua ananunua matita ya mzingo gani, na wao wanajua kwake yatazaa mangapi, kwa hiyo wanapanga bei wakiwa wamefumbua macho.

"Si bora tuuziane kwa kilo?"

Swali hili linaulizwa sana, na lina mantiki. Nyama tunanunua kwa kilo, sukari kwa kilo, kwa nini si kuni? Jibu ni maji.

Mti uliokatwa jana unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Tuseme umenunua kilo 100 za kuni mbichi za aina hiyo kwa sh 300 kwa kilo. Umelipa sh 30,000. Ndani yake kilo 50 ni mti na kilo 50 ni maji. Ukizianika mpaka maji yabaki sehemu moja ya tano ya uzito, mizani itasoma kilo 62 na nusu. Kila kilo ya kuni inayowaka sawasawa imekugharimu sh 480. Mizani haikudanganya hata kidogo, ila ilikupimia maji pamoja na mti na kuyapa bei moja.

Ujazo hauna tatizo hilo kwa kiwango hicho. Ukuni ukikauka husinyaa kidogo, kama sehemu moja ya kumi hivi ya ujazo wake, wakati uzito unaweza kushuka kwa zaidi ya theluthi. Rundo lako la mita 1 ya ujazo litabaki karibu pale pale. Muuzaji anayeuza kwa kilo ana kila sababu ya kuwahi kuuza kuni zikiwa mbichi, na anayezikausha kwa uaminifu anapata hasara. Kwa ujazo, anayekausha hapunjiki.

Na kuna usemi mwingine: "Kuni mbichi zinadumu motoni, kavu zinaisha haraka, bora mbichi." Nausikia kila mara, na nauelewa, kwa sababu ukuni mbichi kweli unakaa muda mrefu jikoni. Lakini tazama sufuria, usitazame ukuni. Moto unatumia nguvu yake kuchemsha maji yaliyo ndani ya ukuni kwanza, yanatoka kama mvuke na moshi, na maharage yako yanasubiri. Kilo moja ya kuni zenye nusu maji inatoa joto la megajuli 8 hivi. Kilo moja ya kuni zilizokauka hadi kubaki na sehemu moja ya tano ya maji inatoa kama 14. Ukuni umedumu, chakula kimechelewa, na mpishi amevuta moshi.

Dodoma tuna bahati moja katika hili. Kati ya Mei na Novemba mvua karibu haipo na upepo hauishi, kwa hiyo kuni zilizopasuliwa zinakauka upesi. Gogo zima lenye magamba yake linaweza kukaa miezi na bado likawa na unyevu moyoni. Dalili za ukuni mkavu wanazijua wapishi wote: nyufa kwenye ncha, magamba yanayobanduka yenyewe, mlio mkali vipande viwili vikigongwa. Asiyeamini dalili atie alama vipande vitatu, avipime kwenye mizani ya dukani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, vimekauka.

Mti gani?

Ujazo peke yake hautoshi, na hapa lazima niwe mkweli kwa wale wanaotaka jibu la neno moja. Kilo kwa kilo, miti ikiwa mikavu sawasawa, joto linakaribiana sana, uwe mgunga, mkaratusi au muarobaini. Kinachotofautiana ni mti kiasi gani umebanana ndani ya nafasi ile ile. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini. Migunga mingi ni mizito pia, na ndiyo maana makaa yake yanadumu. Mbuyu upo upande wa pili kabisa, laini na mwepesi, na hakuna anayeutaka kwa kuni. Kwa hiyo mita 1 ya ujazo ya mgunga mkavu ina kazi kubwa jikoni kuliko mita 1 ya ujazo ya mti mwepesi, na ni haki iwe na bei kubwa zaidi.

Shida inakuja kwenye mchanganyiko. Rundo la kuni za vichakani, mfano zile za upande wa Manyoni na Itigi, linaweza kuwa na aina nyingi ndani yake, nyingine nzito na nyingine za kuwashia tu. Mnyaa nao huingizwa, mti wa uzio ambao utomvu wake unaunguza macho. Muuzaji akisema "mgunga", na iwe mgunga. Akisema "mchanganyiko", mnunuzi ajue analipia mchanganyiko.

Magogo si kuni

Kwa shule, matanuri ya kuchoma matofali na wengine wanaonunua kwa wingi, kuna mkanganyiko unaogharimu hela nyingi zaidi. Zabuni inasema "mita za ujazo 20 za kuni". Mleta mzigo anasoma mita za ujazo za bodi la lori, za kumwaga. Aliyeandika alimaanisha zilizopangwa. Mkaguzi akija anakuta stakabadhi imeandikwa "lori 4". Watatu hao wanaweza kuwa wasafi wote, na hesabu zisikutane.

Gogo hupimwa kwa mti mtupu: kipenyo mara kipenyo mara 0.785 mara urefu. Gogo la kipenyo cha sentimita 25 na urefu wa mita 2 lina karibu mita 0.1 za ujazo, kwa hiyo magogo 10 ndiyo mita 1 ya mti mtupu. Yapasue, uyapange, nawe utapata rundo la mita 1.4 hadi 1.5 za ujazo. Hapo ndipo ulipotokea ule usemi kwamba kuni zikipasuliwa zinaongezeka. Mti ni ule ule, umeongezewa hewa. Anayenunua kwa kipimo cha gogo na kuuza kwa kipimo cha rundo hafanyi dhambi, mradi bei zinataja kipimo gani ni kipi.

Hili linagusa misitu pia. Uvunaji unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, na mazao ya msitu yanatakiwa kusafiri na hati yake. Hati inazungumza kwa mita za ujazo, jikoni tunazungumza kwa guta na tita, na katikati hapo hakuna anayeweza kusema ni miti mingapi imetoka. Mkoa wetu unajua gharama ya kutojua. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo lililomomonyoka la Kondoa ili ardhi ipate kupumua na miti irudi. Watu waliacha ng'ombe wao kwa ajili ya miti hiyo.

Makubaliano yaweje

Kabla gari halijaja, semeni mambo haya kwa sauti, au bora yaandikwe hata kwenye karatasi ya daftari: mti gani, kavu au mbichi, vipande vya urefu gani, ujazo kiasi gani *zikiwa zimepangwa*, na bei kwa mita ya ujazo. Mfano: "Kuni za mgunga, kavu, zimepasuliwa, vipande sentimita 50, rundo mita 2 kwa mita 1, mita 1 ya ujazo." Sentensi hiyo moja inamaliza mabishano mengi kuliko makelele ya getini.

Semeni pia nani anapanga. Kupanga ni kazi, inachukua muda wa dereva na mgongo wa kibarua, na si haki kumshtukiza muuzaji nayo akiwa ameshafika. Kama mnunuzi ndiye anayetaka zipangwe, atoe mtu wa kupanga au aongeze kitu kwenye bei. Kama muuzaji anauza kwa rundo, gharama iwe ndani ya bei yake tangu mwanzo. Chomeka vigingi viwili imara kwa umbali unaojulikana, tia alama ya mita 1 juu ya vyote viwili, na kuni zikifika kwenye alama, zimefika. Kila atakayekuletea kuni baadaye atapima kwenye vigingi hivyo hivyo, na bei ya huyu na ya yule zitalinganishika.

Malipo yafanyike baada ya tepu kupita, pande zote zikiona. Zikizidi, mnunuzi aongeze hela au muuzaji arudishe ziada garini. Zikipungua, bei ishuke kwa kiasi kile kile, na karatasi isainiwe kwa namba iliyopatikana ukutani.